Kichocho na kifua kikuu katika kizazi: magonjwa yanayodhaniwa kuwa saratani

Somo letu la afya safari hii ni gumu kidogo, kwa sababu mbili. Kwanza, linataja sehemu za siri za mwanamke kwa majina yake. Tunawaomba radhi wazee wetu, lakini hatukuona njia nyingine ya kulieleza. Pili, linahusu neno linalotisha watu kuliko maneno yote ya hospitali: saratani, au kansa kama wengi tunavyosema.

Tunataka kueleza jambo moja tu. Yapo magonjwa ya kuambukizwa ambayo yakiingia katika kizazi cha mwanamke hufanana sana na saratani. Macho peke yake hayawezi kuyatenganisha, hata yakiwa macho ya daktari. Magonjwa hayo yana dawa, tena za vidonge. Mwanamke akidhaniwa ana saratani kumbe hana, anaweza kuuziwa ng'ombe, kuachwa na mume, hata kutolewa kizazi bila sababu. Na mwanamke mwenye saratani ya kweli akiambiwa ni uchafu tu, anaweza kufa wakati alikuwa bado anatibika. Makosa yote mawili yanatokea.

Wazee wetu watakumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Watu wapatao milioni 2 nchi nzima walikaa katika vikundi, chini ya miti na madarasani, wakasikiliza redio, wakasoma kitabu, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Kati ya magonjwa waliyosoma, mawili yalikuwa kichocho na kifua kikuu. Walifundishwa kwamba kichocho ni kukojoa damu, na kifua kikuu ni kukohoa. Mafundisho hayo yalikuwa sahihi, na hata leo ni sahihi. Lakini yapo mambo ambayo watu wengi hawakuyasikia: kwamba kichocho huingia pia katika mlango wa kizazi, na kwamba kifua kikuu huweza kukaa tumboni mwa mtu asiyekohoa hata kidogo. Basi tuendelee kutoka hapo.

Maneno tutakayotumia

Kizazi, au mfuko wa uzazi, ni pale mtoto anapokaa akiwa tumboni. Chini yake kuna shingo fupi inayofungukia ukeni. Hiyo ndiyo mlango wa kizazi, na wengine husema shingo ya kizazi. Juu, kushoto na kulia, kuna vifuko viwili vidogo vinavyotunza mayai ya mwanamke. Kati ya vifuko na kizazi kuna mirija miwili. Saratani ni ugonjwa wa chembe za mwili wenyewe: chembe zinaanza kuzaliana ovyo, zinafanya uvimbe au kidonda, kisha zinasambaa. Maambukizo ni kitu kingine. Hapo kuna mdudu kutoka nje ambaye ameingia mwilini. Ukimwua mdudu, ugonjwa unakwisha, au angalau unasimama.

Mama Neema wa Usangu

Hebu tuchukue mfano. Mama huyu tumemtunga sisi, msimtafute kijijini kwenu, lakini mambo yaliyompata huwapata wanawake wa kweli.

Tumwite Mama Neema. Ana miaka 34. Amezaliwa na kukulia katika bonde la Usangu, wilaya ya Mbarali, ambako watu wanalima mpunga kwa maji ya mifereji. Tangu akiwa mtoto amepandikiza mpunga akiwa ndani ya maji mpaka magotini. Amefua nguo mferejini, ameoga humo, amechota maji humo. Akaolewa, akamzaa Neema. Baada ya hapo imepita miaka tisa, mimba haikuingia tena.

Kisha alianza kutokwa na uchafu ukeni. Halafu ikaja damu. Damu ilitoka hata siku zisizo za hedhi, na zaidi kila alipokutana na mumewe. Alikwenda duka la dawa, akapewa vidonge vya magonjwa ya zinaa. Haikusaidia. Alikwenda zahanati, akapewa sindano na vidonge vingine vya zinaa, akaambiwa amlete na mumewe naye atibiwe. Mume alimeza dawa huku ananung'unika. Safari ya tatu walipoambiwa yale yale, mume aliuliza mbele ya mama yake mzazi, "Ugonjwa huu wa zinaa usioisha, unautoa wapi?"

Mama Neema hakuwa na jibu. Alikuwa hajawahi kutoka nje ya ndoa yake.

Ikafika siku ya kupima saratani ya mlango wa kizazi pale kituo cha afya. Upimaji huu ni rahisi na hauumizi sana. Muuguzi hupaka siki kidogo kwenye mlango wa kizazi, husubiri kama dakika moja, kisha huangalia. Pakigeuka kuwa peupe sana, pana wasiwasi. Kwa Mama Neema muuguzi aliona kitu kabla hata ya siki: mabaka ya rangi ya manjano, kama mchanga uliomwagika, na damu iliyotoka kwa kuguswa tu. Alimwambia, "Mama, hapa pana kitu sikielewi. Nakuandikia barua uende hospitali kubwa."

Muuguzi hakutamka saratani. Lakini Mama Neema alipofika nyumbani, majirani walikuwa wameshaitamka. Hatujui habari hizi husafiri kwa usafiri gani, maana siku zote hutangulia.

Wakaitana ndugu. Mjomba alitaka ng'ombe wawili wauzwe, waende moja kwa moja Dar es Salaam, Ocean Road, hospitali ya saratani, zaidi ya kilomita 800 kutoka Mbeya. Shangazi alimshika mkono akasema, "Mwanangu, ugonjwa huu hauna dawa. Kaa hapa hapa, tutakuuguza vizuri." Wote wawili walimpenda. Na wote wawili walikuwa wameruka hatua moja. Hakuna mtu aliyekuwa amekwisha kupima ugonjwa wenyewe.

Mama Neema alichukua barua yake akaenda hospitali ya rufaa. Daktari alimwuliza maswali ambayo hakuwahi kuulizwa kabla ya hapo.

"Shikamoo daktari."

"Marahaba mama. Umekulia wapi?"

"Usangu."

"Maji ya kuoga mlikuwa mnapata wapi?"

"Mferejini. Hata sasa."

"Ukiwa mtoto uliwahi kukojoa damu?"

Mama Neema alicheka kwa aibu. "Watoto wengi tulikojoa damu, daktari. Sisi tulidhani ndiyo kukua."

Daktari alikata kipande kidogo cha nyama kwenye mlango wa kizazi, kidogo kama punje ya mchele, akakipeleka maabara. Majibu yalichukua wiki kadhaa. Zilikuwa wiki ndefu. Yaliporudi yalisema hivi: mayai ya kichocho yamejaa, saratani haikuonekana.

Mayai yanafikaje huko?

Njia ya kichocho wengi mnaijua. Mgonjwa anakojoa majini. Mayai yaliyo katika mkojo yanaanguliwa, na vijidudu vinamwingia konokono mdogo wa majini. Humo ndani ya konokono vinaongezeka. Baadaye vinatoka na kuelea majini, hasa jua linapokuwa kali katikati ya mchana, na mtu akiingia majini vinatoboa ngozi yake kwa dakika chache. Hasikii maumivu, pengine mwasho tu. Ndani ya mwili vinakuwa minyoo, dume na jike, inayokaa pamoja ndani ya mishipa ya damu karibu na kibofu cha mkojo. Jike linataga mayai kila siku.

Sasa sikilizeni hapa. Kwa mwanamke, mishipa ya damu ya kibofu ni majirani na mishipa ya kizazi. Kwa hiyo mayai mengine hayaendi kwenye kibofu. Yanaingia katika nyama ya mlango wa kizazi, ya uke, hata ya mirija, yanakwama huko. Mwili unajaribu kuyapiga vita. Nyama inavimba, inakuwa ngumu, inaota mabaka yale kama mchanga. Mishipa midogo ya damu inaongezeka na kupasuka kirahisi, ndiyo maana damu inatoka mwanamke akikutana na mumewe. Mirija ikiziba, mimba haiingii, au inatungwa nje ya kizazi, jambo ambalo ni hatari kubwa. Wakati mwingine uvimbe unatokea nje, kwenye mashavu ya uke, hata kwa msichana ambaye hajamjua mwanamume. Uvimbe huo hudhaniwa kuwa masundosundo, na msichana wa watu akapata sifa mbaya bure.

Mnaona jinsi dalili zinavyofanana? Damu isiyo ya hedhi, uchafu ukeni, maumivu ya kiuno, kidonda au uvimbe kwenye mlango wa kizazi. Saratani ya mlango wa kizazi huleta mambo hayo hayo.

Kuna jambo jingine linalowachanganya hata wahudumu. Mwanamke anaweza kuwa na kichocho cha kizazi na mkojo wake ukawa safi kabisa. Mayai yamekwama kwenye nyama, hayatoki na mkojo. Watafiti waliopima wanawake katika kijiji kimoja cha kaskazini mwa nchi yetu, mwishoni mwa miaka ya 1990, waliwakuta wanawake wa namna hiyo. Kwa hiyo jibu la "mkojo wako hauna kichocho" halimalizi maneno.

Ugonjwa huu siyo mpya. Minyoo yenyewe iligunduliwa Misri mwaka 1851 na daktari Mjerumani, Theodor Bilharz, ndiyo maana wengine huita bilhazia. Mwaka 1899, huko huko Misri, daktari mwingine alieleza kuhusu mwanamke mwenye kichocho ukeni. Tangu hapo imepita zaidi ya miaka 120, na bado wako wauguzi na madaktari waliomaliza masomo bila kufundishwa habari hii. Hatuwalaumu wao. Lakini Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa wanawake na wasichana wapatao milioni 56 wana kichocho cha kizazi, na karibu wote wako Afrika. Ugonjwa wa watu wengi hivyo ungestahili kufundishwa.

Kwetu huku uko wapi? Ufuateni maji. Konokono huyu anapenda maji yaliyotulia au yaendayo polepole, yenye majani, na yenye joto. Kwa hiyo watu wa mabonde ndio wawe macho zaidi: Usangu, Pawaga na Idodi kwenye mashamba ya mpunga, na Kyela kule chini kando ya Ziwa Nyasa. Kwenye milima yetu yenye baridi hatari ni ndogo. Lakini watu wanahama. Minyoo ya kichocho huishi mwilini miaka mingi. Mwanamke aliyekulia Pawaga akaolewa Mufindi anaweza kubeba ugonjwa wa Pawaga akiwa katikati ya mashamba ya chai. Ndiyo maana daktari yule aliuliza "umekulia wapi" badala ya "unaishi wapi".

Dawa yake

Dawa inaitwa prazikwanteli. Ni vidonge, na idadi yake hupimwa kwa uzito au urefu wa mtu, siyo kwa kukisia. Ni vizuri mtu ale kwanza, maana inaweza kuleta kichefuchefu, kizunguzungu au maumivu ya tumbo kwa muda. Mwenye mimba amwambie mhudumu kabla ya kumeza. Wenye watoto mnaifahamu: ndiyo ile ambayo watoto wa shule za msingi hupewa, wakisimama kwanza kwenye kijiti cha kupimia urefu. Kazi hiyo ni nzuri sana. Lakini mama yake mtoto, ambaye ndiye anayeshinda shambani ndani ya maji, mara nyingi hapati. Wala msichana aliyeacha shule hapati. Tunadhani kamati za afya za vijiji zinaweza kuliuliza jambo hili wilayani.

Tuseme ukweli mwingine. Prazikwanteli inaua minyoo, lakini haiondoi makovu. Mabaka yaliyokaa miaka 20 huweza kubaki hata baada ya dawa. Mama Neema alipomeza dawa, damu ilipungua baada ya miezi michache, halafu ikakoma. Mimba bado hajapata. Msichana akitibiwa mapema, kabla ya makovu, ana nafasi nzuri zaidi. Ndiyo sababu tunawaambia wazazi: mtoto wa kike anayekojoa damu msimcheke wala msisubiri akue.

Tena vidonda hivi vya kichocho vinahusishwa na hatari zaidi ya kuambukizwa virusi vya UKIMWI. Mlango uliojaa michubuko haumzuii mwizi vizuri.

Na mume je? Mume wa Mama Neema aliitwa hospitali, akaelezwa kwamba ugonjwa wa mkewe ulitoka mferejini, siyo kwa mwanamume mwingine. Alikaa kimya muda mrefu. Halafu akauliza kama naye apimwe, maana na yeye ameoga mfereji ule ule. Lilikuwa swali zuri. Alipimwa, naye akakutwa nacho.

Tumbo linalojaa maji

Twende sasa kwenye ugonjwa wa pili. Huu unaigiza saratani ya vifuko vya mayai.

Mwanamke anaanza kukonda usoni na mikononi, lakini tumbo linakua. Watu wanasema ana mimba. Mimba haionekani. Hedhi inavurugika au inakoma. Jioni anapata homa, usiku anatoka jasho mpaka shuka inalowa. Anakwenda hospitali, anapigwa picha ya tumbo, na daktari anaona maji mengi, na pengine uvimbe karibu na kizazi. Picha ya namna hiyo humfanya daktari yeyote afikirie saratani. Kipo pia kipimo cha damu kinachoitwa CA-125. Kipimo hicho hupanda kwa mwenye saratani ya vifuko vya mayai. Lakini hupanda pia kwa mwenye kifua kikuu cha tumbo. Kwa hiyo hakiwezi kuamua peke yake.

Wako wanawake waliopasuliwa katika nchi nyingi wakidhaniwa ni saratani, na tumbo lilipofunguliwa zikaonekana chembe ndogo nyeupe zimetapakaa kote kama ulezi. Maabara ikasema: kifua kikuu.

Ndiyo, kifua kikuu, ingawa kifua hakina habari. Mgonjwa hakohoi, na picha ya kifua inaweza kuwa safi. Mdudu aliingia zamani kwa njia ya hewa, akasafiri na damu, akatua tumboni, kwenye mirija au kwenye kizazi. Njia nyingine ni maziwa mabichi ya ng'ombe mgonjwa. Wafugaji wetu, chemsheni maziwa.

Hapa kwetu jambo hili lina uzito wa pekee, kwa sababu kifua kikuu hupenda mwili uliodhoofishwa na virusi vya UKIMWI. Katika upimaji wa taifa wa mwaka 2016 na 2017, kati ya kila watu wazima 100 wa mkoa wa Iringa zaidi ya 11 walikuwa na virusi hivyo. Mbeya walikuwa 9. Kwa mtu mwenye virusi, kifua kikuu hutoka nje ya mapafu mara nyingi zaidi. Na mtu huyo huyo, akiwa mwanamke, yuko pia kwenye hatari kubwa zaidi ya saratani ya mlango wa kizazi. Mnaona ugumu wa kazi ya daktari wa Mbeya au Iringa. Mgonjwa mmoja, magonjwa mawili, na yote mawili yana sababu ya kuwepo.

Njia ya kutenganisha ni kuchukua maji ya tumboni, au bora zaidi kipande kidogo cha nyama, na kukipima maabara. Ikiwa ni kifua kikuu, dawa humezwa kila siku, kwa kawaida miezi 6, na katika vituo vya serikali hutolewa bure. Mpango wa taifa wa kupambana na ugonjwa huu ulianza mwaka 1977, na njia za Tanzania zikaigwa na nchi nyingi. Tumbo linakauka, homa inakwisha, mwili unarudi. Mtu ambaye kifua kikuu chake kiko tumboni tu haambukizi wengine kwa kukohoa, kwa hiyo hakuna sababu ya kumtengea sahani.

Yapo maambukizo mengine yanayoigiza saratani. Masundosundo yakiwa makubwa sana, kidonda cha kaswende, jipu la usaha kwenye mirija baada ya kisonono kisichotibiwa. Tunayataja tu. Siku nyingine tutayapa somo lake.

Kosa la upande wa pili

Mpaka hapa msomaji anaweza kufurahi akasema, kumbe ni kichocho tu, ngoja nitafute vidonge. Hapana. Hili ndilo tunaloliogopa zaidi tunapoandika somo hili.

Saratani ya mlango wa kizazi ipo, tena ndiyo saratani inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania. Husababishwa na kirusi kiitwacho HPV, siyo na kichocho. (Kichocho cha miaka mingi chenyewe kinajulikana kuleta saratani ya kibofu cha mkojo.) Mwanamke anaweza kuwa na kichocho na saratani kwa wakati mmoja. Kuona mayai ya kichocho hakumaanishi kwamba saratani haipo. Ndiyo maana Mama Neema, pamoja na majibu yake mazuri, aliambiwa arudi kupimwa mlango wa kizazi, na anarudi.

Wanawake wengi wenye saratani hufika hospitali wakiwa wamechelewa. Wengine walichelewa kwa aibu, wengine kwa nauli, wengine kwa mganga wa kienyeji. Lakini wako waliochelewa wakiwa wanatibiwa. Walipewa dawa za zinaa mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya nne, mwaka mzima ukapita, na hakuna aliyewapandisha kitandani kuangalia mlango wa kizazi kwa macho. Hilo haliwezi kuwa sawa. Ugonjwa ambao haukusikia dawa mara mbili unaomba kuangaliwa, siyo kupewa dawa ile ile mara ya tatu.

Saratani ikigunduliwa mapema hutibika. Na kabla haijawa saratani, pale doa jeupe linapoonekana kwa siki, doa hilo linaweza kuondolewa siku hiyo hiyo kwa kugandishwa au kuchomwa kwa joto, na mama akarudi nyumbani kwa miguu yake. Wanawake wa miaka 30 hadi 50 wanashauriwa kupimwa hata kama hawaumwi. Wenye virusi vya UKIMWI waanze mapema zaidi na kurudi mara nyingi zaidi. Kwa mabinti ipo chanjo ya HPV. Ilianza kutolewa nchi nzima mwaka 2018 kwa wasichana wa miaka 14, na tangu mwaka 2024 hutolewa mara moja tu kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Kuna maneno yanapita vijijini eti chanjo hii inafunga kizazi. Siyo kweli.

Ukienda hospitali

Nenda upesi ikiwa damu inatoka baada ya kukutana na mume, au katikati ya hedhi na hedhi, au baada ya hedhi kukoma kwa uzee. Hiyo ya mwisho msiifanyie mzaha. Bibi aliyekoma hedhi akaona damu tena asifurahi kwamba ujana umerudi. Nenda pia ikiwa uchafu wenye harufu hauishi kwa dawa, au tumbo linakua huku mwili unakonda.

Ukifika, usisubiri uulizwe. Sema mwenyewe umekulia wapi na maji gani umeyatumia. Sema kama uliwahi kukojoa damu. Sema kama nyumbani kuna mtu aliyetibiwa kifua kikuu, na kama unatoka jasho usiku. Taja dawa zote ulizokwisha kumeza, hata za miti shamba. Kama unajua hali yako ya virusi vya UKIMWI, iseme. Mambo haya hayaandikwi kwenye mwili, daktari atayajua kwa mdomo wako tu.

Ukiambiwa ni saratani, uliza kwa adabu, "Daktari, kipande cha nyama kimepimwa maabara?" Ukiambiwa kizazi kitolewe, na hakuna haraka ya kuokoa maisha, uliza swali hilo hilo. Daktari mzuri hachukizwi. Vipimo vya namna hii vinatafutwa katika hospitali kubwa, kama Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya na Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Iringa, na barua ya kwenda huko inaanzia zahanati yako. Tunajua nauli ni ngumu. Lakini nauli ya kufika Mbeya mjini kupima ni ndogo kuliko ng'ombe wawili wa mjomba.

Na kwa wanaorudi shambani kesho: kukojoa majini ndiko kunakoanzisha yote haya, kwa hiyo vyoo vijengwe karibu na mashamba ya mpunga, siyo nyumbani tu. Maji ya mfereji yakitulia kwenye pipa siku mbili bila kuchanganywa na mapya, vijidudu vya kichocho hufa, na unaweza kuyaogea. Maji ya kunywa yachemsheni kama kawaida.

Maswali ya kujadiliana katika kikundi

1. Mume wa Mama Neema alidhani mkewe si mwaminifu. Nani alipaswa kumweleza ukweli mapema zaidi, na angemweleza vipi?

2. Katika kijiji chenu wanawake huingia katika maji gani, saa ngapi, na kwa kazi gani? Ipi inaweza kufanyika kwa njia nyingine?

3. Kwa nini mkojo safi hautoshi kusema mwanamke hana kichocho?

4. Shangazi na mjomba walikosea wapi? Ungekuwa wewe katika kikao kile, ungesema nini?

5. Wanawake wazima wa kijiji chenu walipata lini dawa ya kichocho kwa mara ya mwisho? Kama hakuna anayekumbuka, nani ataandika barua kwa mganga mkuu wa wilaya?